Nyanya Alizaliwa Lini? Kwa Aliyerudi Baada ya Mazishi

Ukirudi Vihiga, magharibi mwa Kenya, baada ya miaka mingi ng'ambo ukakuta nyanya ameshazikwa, hutamaliza hata chai kabla ya kuulizwa pesa za kujengea kaburi: saruji, mchanga, vigae na jiwe la maandishi. Usimwite fundi bado. Udongo mpya hudidimia, na kaburi likijengewa kabla ya mvua ndefu za Machi hadi Mei kupita, saruji hupasuka na vigae hubanduka. Muda huo wa kungoja utumie kutafuta maisha yake, maana yale yaliyosomwa mazishini huenda yana makosa, na makosa yakishachongwa kwenye jiwe kuyafuta ni gharama.

Wasifu wa marehemu huku kwetu huandikwa haraka, mara nyingi na mjukuu mwenye kompyuta, akinakili kitambulisho. Kosa huanzia hapo. Kipande, yaani kitambulisho cha mkoloni, kilikuwa cha wanaume. Wanawake waliingizwa kwenye sheria ya kuandikishwa mwaka 1978. Kwa hiyo mama aliyezaliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikadiriwa umri akiwa mtu mzima, huenda tayari na wajukuu. Ukiona 1 Januari, au mwaka mtupu bila siku, shuku zaidi.

Nenda kanisani, lakini kwanza ujue lilikuwa kanisa gani. Kama alikuwa Mkatoliki, omba parokia ifungue daftari la ubatizo. Misheni ya Mumias ni ya tangu 1904. Pembeni mwa jina lake huongezwa kipaimara na ndoa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa nusu ya maisha. Kwa Waanglikana, walioanza Maseno mwaka 1906, angalia kama alibatizwa mtoto au mkubwa. Wasichana wengi walibatizwa baada ya kusoma katekisimu, na kuna watu huchukua tarehe hiyo wakaifanya ya kuzaliwa. Kama alikuwa wa Friends, yaani Marafiki au Quakers, watu wa Kaimosi tangu 1902, usisumbue mtu kwa kadi ya ubatizo: Marafiki hawabatizi kwa maji. Uliza kumbukumbu za mikutano ya kanisa, wanachama na ndoa.

Yaliyobaki yako vinywani mwa wazee wa kike: wifi zake, wake wenza, waliokuwa naye kwenye chama cha akina mama. Nenda asubuhi. Alasiri mvua ikipiga mabati, simu hairekodi kitu. Kila mmoja mwite kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, au dani ukiwa upande wa Wajaluo. Usimuulize mwaka, muulize tukio. Watu walipokimbilia dhahabu ya Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, nyanya alikuwa amezaliwa? Hali ya hatari ilipotangazwa 1952, alikuwa ameolewa? Mafuriko ya 1961, alikuwa akimnyonyesha nani? Uhuru, 1963, alikuwa na watoto wangapi? Ukishapata watoto wawili wenye tarehe za hakika, wengine utawapanga katikati yao.

Watoto waliofariki wachanga ndio husahaulika kabisa. Wanaume wa boma huhesabu walio hai na wenye mashamba. Uliza wanawake peke yao, jikoni, bila haraka, uandike majina hata ya waliokaa siku chache. Nyanya aliwahesabu hao pia. Andika na kwao alikozaliwa: baba yake, ukoo wa mama yake, kijiji. Mjaluo atakuambia ni nyar Gem au nyar Alego, yaani binti wa Gem au wa Alego, na umepata pa kuanzia, lakini kwetu Waluhya wasifu mwingi hutaja ukoo wa mume tu, kama kwamba mtu alianza kuishi siku ya harusi.

Kuhusu imani, “alimpenda Mungu” haitoshi, kila marehemu huandikiwa hivyo. Nani alikuwa na ufunguo wa kanisa? Alifua vitambaa vya madhabahu? Wimbo upi yeye ndiye aliyeuanzisha, na kwa lugha gani? Maombi ya nyumbani yalikuwa saa ngapi, na nani alipigwa kwa kusinzia? Kadi zake za sadaka zitakuonyesha mwaka aliokosa kutoa. Hapo uliza kilichotokea, mara nyingi ni karo au ugonjwa.

Wasifu wa maneno 600 husomwa kwa dakika tano hivi, yakizidi sana watu huanza kuangalia sufuria. Wasomee wazee rasimu kwa sauti, wengi wao hawaoni herufi ndogo, na watakukatiza palipo na uongo. Mwaka usiojulikana uandike “karibu 1934”, si aibu.

Biblia yake usiigawe wala kuibandika selotepu. Selotepu ikizeeka, gundi yake huacha madoa na kurarua karatasi. Piga picha kila ukurasa wenye mwandiko, kivulini, bila mwanga wa simu. Biblia iweke kwenye sanduku la bati juu ya matofali, mbali na ukuta wa udongo, kwa sababu ya mchwa. Sauti ulizorekodi mpe binamu anayeishi nyumbani na mwingine aliye mbali, kabla simu yako haijaibiwa stendi ya Kisumu.