Siku Kumi za Kadi ya Njano

"Mama mdogo, hii saini mbona haifanani na yako?"

Mtoto alikuwa amelivuta boksi la karatasi kutoka uvunguni mwa kitanda akitafuta picha zake ndogo za kupeleka shuleni, akaibuka na kadi yangu ya chanjo ya homa ya manjano. Kona moja mende wameshaila. Akaigeuza, akasoma tarehe. "Tena iliisha 2023. Nitupe?"

Nikamwambia aiache. Kadi za zamani zilikuwa za miaka kumi, lakini tangu Julai 2016 sindano moja inahesabika kuwa ya maisha, hata kama kwenye kadi imeandikwa mwisho wake. "Kwa hiyo wewe ulishadungwa mpaka kufa?" Mpaka kufa. Akacheka, akaendelea kupekua. Lile la saini sikulijibu.

Dada yangu mnamjua, yule wa Goma, mashariki mwa Kongo. Mei 2013 alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, mimba ya kwanza, na mama yetu miguu ilikuwa imeshamkatalia safari. Nikateuliwa mimi. Nchi yenyewe ilikuwa vitani. Novemba iliyotangulia waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji, wakakaa siku chache, wakatoka tarehe 1 Desemba na kujikita vilimani kaskazini, karibu kiasi kwamba dada alisema ukipanda juu ya bati unawapungia mkono. Machi, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha brigedi ya kwenda kupambana nao, Tanzania ikiwamo pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na vijana wetu wa kwanza walikuwa ndiyo kwanza wanatua. Mama alilisikia hilo redioni akafurahi, akidhani wanajeshi watanisindikiza.

Maandalizi yote yalifanyika kwa simu, dada akisoma kama anaagiza harusi. Usije na nguo yenye mabaka ya kijeshi, hata begi. Usipige picha mpakani, hata ya ziwa. Barua ya mwaliko shemeji yako ameshaigongesha muhuri, nakala isitoke mkononi. Kopi tatu za pasipoti, moja umwachie mama. Dola ziwe mpya, za vichwa vikubwa; huku noti ikichanika hata upana wa ukucha, muuza nyanya anakurudishia. Viza iwe mkononi kabla hujapanda basi, usijidanganye kwamba utaipata mlangoni. Halafu kila simu anamalizia: sindano, usisahau sindano, siku kumi kabla.

Sikuisahau. Niliiahirisha. Mara mvua, mara mzigo wa dagaa haujakauka, mara kesho. Nikadungwa Ijumaa tarehe 10 Mei, na muuguzi akaandika kwa mwandiko mzuri kwamba kinga inahesabiwa kuanzia tarehe 20. Mimi tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 15. Nikajiambia nani atakaa mpakani kwenye vita ahesabu siku.

Stendi kijana mmoja alinisikia nikilalamika kwenye simu. Akaja pembeni, mpole kabisa, akaniambia kwa elfu ishirini tarehe inarudi nyuma wiki moja, na mwandiko utafanana. Ningependa kuwaambia nilikataa kwa uaminifu. Ukweli ni kwamba elfu ishirini iliniuma.

Safari naipita haraka: kivuko cha Busisi, Biharamulo, Benako, Rusumo. Pale Rusumo Wanyarwanda wakanipokonya mifuko yote ya rambo, maana kwao ni marufuku tangu 2008, nami kilo tano za dagaa wa Mwanza nilikuwa nimezifunga ndani ya rambo tatu tatu. Dagaa wakahamia kwenye kitenge kipya cha dada. Kuanzia hapo mpaka Kigali hakuna aliyekaa kiti cha jirani yangu, na kutoka Kigali kwenda Gisenyi, zile kona zote za Musanze, mzee mmoja alifungua dirisha akatoa kichwa nje akabaki hivyo.

Ijumaa mchana niko Petite Barrière. Mnaijua: Gisenyi na Goma ni mji mmoja uliokatwa kwa mti wa kizuizi, na wanawake wenye mabeseni wanapita humo kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Upande wa Kongo kulikuwa na meza ya afya. Mzee mmoja, miwani, koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Akaichukua kadi, akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu ili nami nione.

"Mama, iko siku saba. Siku kumi haiyaisha."

Nikamweleza dada anakaribia kujifungua. Nikamwonyesha barua na mihuri yake. Akaisoma yote, akasema ni barua nzuri sana. "Utarudi siku ya kwanza," akasema, yaani Jumatatu.

Nikalala Gisenyi siku tatu. Mchana nakaa ufukweni natazama nyumba za Goma, nakisia ipi ni Keshero, mtaa wa dada. Usiku mlima wa volkano, Nyiragongo, unawaka mwekundu juu ya mji, na watu wa pale hawageuki hata kuutazama. Mama mmoja mbadilisha fedha, aliposikia natoka Tanzania, akaniuliza, "Ninyi ndio mnaoleta askari?" Nikasema mimi nimeleta dagaa. Akazikagua dola zangu moja moja kwenye mwanga, akakataa mbili.

Jumapili ilikuwa Pentekoste. Makanisa ya Gisenyi yanaimba kutoka asubuhi, na simu ya shemeji inaita katikati ya wimbo. Uchungu umeanza. Halafu kimya cha saa sita. Nilikwenda mpaka kwenye kizuizi nikasimama, nikarudi, nikaenda tena. Umbali wa kutembea kwa miguu tu, jamani. Saa kumi jioni akapiga: mtoto wa kike, mama yake amechoka lakini yupo. Nyuma ya sauti yake nikamsikia huyu anayepekua maboksi yangu leo, analia.

Jumatatu nilikuwa mpakani kabla hawajafungua. Na hapo ndipo tuliposikia. Kaskazini, upande wa Mutaho, kama mtu anashusha magunia ya mahindi kutoka kwenye lori, moja, nafasi, mawili. Wanawake wa mabeseni walinyamaza wote kwa pamoja, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Wanaotoka Goma wakawa wengi kuliko tunaoingia. Kuna aliyebeba godoro, kuna aliyebeba kuku tu.

Nikafika mezani. Mzee yuleyule, koti lilelile. Akanitambua, akatabasamu. Akaifungua kadi, akaanza kuhesabu vidole upya, tangu cha kwanza, na katikati ya kidole cha sita likashuka gunia jingine, zito, likatikisa kioo cha dirisha nyuma yake. Akasubiri mtikisiko uishe. Akaendelea na cha saba. Alipofika cha kumi akakikunja, akaiinua kadi juu kidogo kama padri.

"Sasa imetimia."

Nikanyoosha mkono. Hakuniachia.

"Lakini mama, haukuweka saini."

Ni kweli. Kuna mstari chini ya jina, mwenye kadi lazima asaini, na mimi sikusaini, na Ijumaa hakuna kati yetu aliyeuona. Bila saini, akasema, hii ni karatasi ya njano tu. Akanitafutia kalamu. Ya kwanza haikuandika. Akaipuliza, akaisugua kwenye kiganja, akaiweka kando taratibu, akafungua mtoto wa meza akatoa nyingine. Nyuma yangu mtu anasukuma, mbele yangu mtu analia jina la mtoto wake, na yule mzee ameshika kona ya kadi kwa kidole ili isiteleze wakati naandika. Niliinama. Herufi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili nikasikia lingine, na mkono ukaenda ulikotaka wenyewe, mstari ukapanda juu ya jina la chanjo ukashuka mpaka kwenye tarehe.

Nikadhani atasema haifanani na ya pasipoti. Aliitazama muda. Kisha akaandika namba yangu kwenye daftari lake kubwa, akapiga mstari kwa rula, naam, kwa rula, akanirudishia.

"Karibu Goma, mama. Homa ya manjano haitakupata."

Sijawahi kujua kama alikuwa anatania.

Yaliyofuata mengine mliyasikia kwenye taarifa. Mapigano yalifika siku ya tatu, kombora likaangukia mtaa wa Ndosho, sisi Keshero tukalala sakafuni, mtoto katikati, na Alhamisi Ban Ki-moon, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati ule, akaja mjini na bunduki zikatulia. Kitenge kilinuka dagaa mpaka nilipoondoka, lakini dada alikataa kisifuliwe mara ya pili, alisema ni harufu ya nyumbani.

Elfu ishirini. Nimeipigia hesabu mara nyingi. Ningemlipa yule kijana, ningeingia Ijumaa, ningemshika dada mkono siku ya Pentekoste. Au yule mzee angeuona uongo kwenye mwandiko na ningerudishwa Mwanza na dagaa wangu. Kinga haikuwa imekamilika, huo ndio ukweli wa daktari. Lakini hakuna mbu aliyeniuma siku zile, na dada alijifungua akiwa na jirani asiyemjua vizuri.

Sasa naulizia tena safari ileile. Mji uliingia tena mikononi mwa M23 Januari 2025, ndege zikaacha kutua, benki zikafungwa, na dada hataki kuiacha nyumba. Kila ninayemuuliza kuhusu kuingia ananijibu vingine, na swali langu kubwa, kwamba muhuri watakaonigongea utakuwa wa nani na nikitoka nao utatambuliwa wapi, watu wanalijibu kwa kucheka. Angalau kadi ninayo.

"Mama alisema wewe ndiye ulinibeba wa kwanza," mtoto akasema. Alikuwa bado ameishika. "Nilipotoka tu. Alisema ulinifunga na kitenge cha dagaa."

Dada hajawahi kuniambia kwamba anamsimulia hivyo.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndiyo." Akaipeleka kadi dirishani kwenye mwanga, kama yule mama wa dola. "Lakini hapa imeandikwa kuanzia tarehe 20. Na mimi nilizaliwa 19."

Nikachukua ungo nikaanza kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

"Basi ulichelewa siku moja," akasema. Akairudisha boksini, juu kabisa, siyo chini ilikokuwa, akaendelea kutafuta picha zake.