Vitz yangu ya CVT na vilima vya Pemba: kilomita laki moja bila kufungua giaboksi

Niliponunua Toyota Vitz yangu yenye CVT, yaani giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za meno, mwaka 2018, modeli ya 2008 iliyokwishatembea kilomita 94,000, wenzangu wa skulini walinipa pole badala ya hongera. "CVT hiyo, Mwalimu. Miaka miwili haifiki." Leo inasoma kilomita 197,000. Giaboksi ni ile ile iliyokuja nayo kutoka Japani, na hakuna fundi aliyewahi kufungua zaidi ya sampu yake, ile trei ya mafuta iliyo chini. Nimeulizwa mara nyingi nimeifanyaje, na inaniuma kuona giaboksi nzima zinatupwa kwa sababu ya mafuta, ndiyo maana naandika.

Mwaka wa kwanza nilikaribia kuipoteza. Nakaa Chake, nasomesha Wete, kwa siku ni kama kilomita 60 kwenda na kurudi, na msimu wa karafuu naipakia magunia kutoka shamba la marehemu baba. Anayeijua Pemba anajua kuwa ardhi yetu haikai sawa: unashuka bonde la mpunga, unapanda kilima cha mikarafuu, hujakaa vizuri unashuka tena. Fundi mmoja wa jirani aliona mafuta ya giaboksi yamepungua, akaongeza haidroliki ya kawaida, ile inayotiwa kwenye otomatiki yoyote na kwenye stelingi. Mimi sikujua, nikamlipa na kumshukuru. Hazikupita wiki tatu, gari ikaanza kutetemeka kila inapoondoka, kama mtu mwenye homa ya baridi. Siku niliyopakia magunia manne, mshale wa mizunguko ya injini ulipanda hadi 4,000 na gari inakwenda mwendo wa baiskeli. Nikaegesha chini ya mwembe, nikateremsha magunia mawili, nikarudi nyumbani polepole mno.

Usiku ule nilianza kusoma juu ya CVT, na sikuacha mpaka nikaelewa. Otomatiki ya kawaida ina gia za meno, nne au zaidi. CVT ina puli mbili zenye pande za mteremko, na kati yake mkanda wa chuma uliopangwa kwa mamia ya vibamba vyembamba. Puli moja ikijibana, nyingine inajitanua. Mkanda unapanda huku na kushuka kule, na mwendo unabadilika bila gari kuruka. Kinachosukuma gari ni mbano wa chuma kwa chuma, na katikati kuna utando wa mafuta tu. Kwa hiyo mafuta yale yana kazi mbili zinazovutana: yalainishe chuma kisilike, na papo hapo yasiuache mkanda uteleze. Haidroliki ya kawaida haikutengenezwa kwa kazi ya pili. Mkanda ukiteleza unachuna uso wa puli, na puli iliyochunika haiponi kwa mafuta yoyote.

Sifa mbaya ya CVT ina asili yake, siikatai. Nchini Marekani, Nissan waliongeza dhamana ya CVT za modeli za 2003 hadi 2010 ikafika miaka 10 au maili 120,000, sawa na kilomita 193,000 hivi; hilo halifanywi kwa kitu kisicholalamikiwa. Toyota nao mwaka 2018 walitoa CVT yenye gia ya kwanza ya meno, ili mkanda usibebe kazi ya kuliondoa gari lililosimama. Niliposoma hilo ndipo nilipofahamu kwa nini yangu ilitetemeka wakati wa kuondoka tu. Pale ndipo mkanda unapobanwa kuliko mahali pengine popote.

Fundi wa Wete, mtu mzima asiye na haraka, alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, usinunue giaboksi nyingine kabla hatujaiona sumaku." Akamwaga mafuta, akafungua sampu. Ndani mna sumaku zinazokusanya unga wa chuma. Zilikuwa na uji laini wa kijivu, kama masizi yaliyochanganywa na mafuta. Akausugua kwa vidole viwili, akanionyesha. "Hamna kipande. Huu ni ulaji wa kawaida. Tungeona vipande, ningekwambia uza."

Mafuta sahihi hayakupatikana Pemba. Gari yangu inataka aina ya Toyota iitwayo CVT Fluid TC. Mpya zaidi za Toyota nyingi zinataka FE, Nissan wana NS-2 na NS-3, na hayabadilishani. Shemeji yangu alinunua makopo matatu ya lita 4 mjini Unguja, akayatuma kwa boti hadi Mkoani. Bei ilizidi mara mbili ya haidroliki ya kawaida, na nilimsisitiza akague muhuri wa kila kopo.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kuwa ukimwaga, yanatoka kama nusu tu. Mengine yanabaki ndani, kwenye toki-konveta, kile kiungo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa mafuta, na njia zake. Kwangu zilitoka lita 3 pungufu kidogo. Tukazipima kwenye chupa za maji, tukarudisha kiasi kile kile, kisha kiwango kikakaguliwa mafuta yakiwa na joto linalotakiwa na kitabu cha gari, si ya baridi wala yanayochemka. Baada ya wiki tukarudia, na wiki nyingine tena. Mara ya kwanza nusu ya mafuta ikawa mpya, ya pili robo tatu, ya tatu ikapita asilimia 87. Mtetemeko ulipungua baada ya ile ya pili. Baada ya ya tatu nilipanda kilima kile kile na magunia manne, mshale ukatulia kwenye 2,500, na nilishusha kioo nikasikiliza injini kwa furaha.

Kisha fundi akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Rejeta unatia maji gani?" Ya kisima. Kisima chetu kina chumvi. Mafuta ya CVT yanapozwa na maji ya rejeta, kwa hiyo kutu ikiziba njia, giaboksi inaungua wewe ukiangalia injini tu. Tukakuta na thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la maji ya injini, ilikwishatolewa zamani, kama wanavyofanya mafundi wengi wakidhani wanaisaidia gari ya nchi ya joto. Tukaosha mfumo, tukatia kulanti, maji maalumu ya rejeta, tukarudisha thamostati. Naamini kazi ile ya asubuhi moja iliokoa giaboksi sawa na mafuta yenyewe.

Namna ya kuendesha niliibadilisha pia. Nikisimama kwenye mlima siishikilii gari kwa kukanyaga mafuta, naishika kwa breki. Sitoi R kuingia D mpaka gari isimame kabisa. Kuteremka natia gia kwenye B, injini inasaidia breki. Masika, nikinasa kwenye tope sizungushi matairi kwa nguvu, maana tairi likishika ghafla pigo lote linakwenda kwenye mkanda. Naomba vijana wasukume. Na magunia sasa ni mawili kwa safari, hata nikichelewa kufika kituo cha kuuzia karafuu.

Mafuta nabadilisha kila kilomita 30,000. Wengi husema 40,000, lakini kwa vilima hivi sitaki kusubiri. Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi tena. Alifungua sampu, akatoa sumaku, akanipa mwenyewe nizitazame. Uji wa kijivu, laini, hamna kipande. Nikazifuta kwa kitambaa, nikamrudishia azifunge.