Kukaa ukumbini kipindi cha vichekesho kinaporekodiwa

Kipindi cha komedi kinachoonekana kwenye televisheni kwa nusu saa au saa nzima kinaweza kukukalisha kitini saa mbili hadi tatu. Ukilijua hilo kabla ya kutoka nyumbani, mengine yanapangika: utakula saa ngapi, utavaa nini, utarudi na usafiri gani.

Komedi ya maigizo mafupi, ile tuliyoizoea kwa kina Joti na Masanja wa Orijino Komedi, mara nyingi hurekodiwa kipande kwa kipande bila watazamaji. Penye watazamaji ni kwenye stendapu, mtu mmoja na maiki yake, kama jukwaa la Cheka Tu. Tangazo hutoka kwenye kurasa za Instagram za wachekeshaji wenyewe au za kituo. Kama ni la kiingilio, lipa kwa simu na uhifadhi ule ujumbe wa muamala, kwa sababu getini ndio tiketi yako mtandao ukigoma. Kama ni mwaliko wa bure, wahi. Kawaida ya televisheni ni kualika watu wengi kuliko viti, maana waandaaji wanajua wapo watakaoingia mitini, na kamera haipendi kiti kitupu. Mlango ukifungwa, umefungwa.

Studio nyingi za Dar ziko Mikocheni. Azam TV wako Tabata. Jioni, Barabara ya Mwai Kibaki na ya Bagamoyo hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani, na Mandela ina malori ya bandarini juu ya hayo. Tangazo likisema saa moja usiku, mimi hupanga kuwa getini saa kumi na mbili, nikiwa nimeshakula. Ndani hakuliwi, na pakiti ya bisi ikifunguliwa kwenye ukimya fundi sauti anaisikia kwenye spika za masikioni.

Mavazi yana sababu zake. Mistari myembamba na drafti ndogondogo hutengeneza mawimbi kwenye picha, kitambaa kikaonekana kama kinatembea. Nyeupe tupu hung'aa kupita kiasi chini ya taa, na vishanga vinavyometameta hurudisha mwanga kwenye lenzi. Rangi moja iliyotulia, buluu au kijani cha majani ya mwembe, inafaa, ila kama studio ina ukuta wa kijani wa kubadilisha mandhari, achana na kijani kabisa. Beba sweta au mtandio, hata kama nje ni joto la Februari: kiyoyozi hupigwa kwa nguvu kushinda joto la taa, na baridi yote inaishia kwa mliokaa. Ukianza na sweta, maliza nalo. Vipande hupangwa upya wakati wa kuhariri, na mtu anayevaa na kuvua huonekana akibadilika katikati ya kichekesho kimoja. Kuhama kiti kuna tatizo hilohilo.

Sasa sauti, jambo ninaloona watu wengi hawaambiwi. Inua macho: juu ya viti kuna maiki zinazoning'inia, zimeelekezwa kwenu. Maiki ya mchekeshaji inachukua maneno yake, zile za juu zinachukua kicheko, na fundi anazichanganya. Kicheko cha watu wengi kinaingia vizuri. Mluzi mmoja au kigelegele cha karibu hupasua sauti, na hapo hata neno la mchekeshaji lililopita chini yake linapotea. Kwa hiyo cheka kwa tumbo, cheka hadi mwisho, halafu nyamaza haraka, kwa kuwa utamu wa pili hufuata wa kwanza. Makofi yasubiri mwisho wa kisa. Simu izimwe kabisa. Kutetema kwake juu ya kiti cha plastiki ni ngoma.

Kuna tabia yetu ya kutuza, na mimi naipenda mno: kisa kikikolea, mtu anainuka na noti ya elfu mbili au elfu kumi anampelekea msanii. Fanya hivyo kisa kikiisha, pita pembeni, usikate mbele ya kamera iliyo kwenye miguu mitatu, na utazame juu kama kuna mkono mrefu wa kamera unaozunguka. Mkono ule ni mzito, na aliyeushika anaangalia skrini.

Ukikaa safu ya mbele, jiandae kutaniwa. Utaulizwa kabila, kazi, na uliyekuja naye ni nani. Jibu kwa maneno mawili, kwa sauti: "Msukuma. Fundi cherehani." Yeye atajenga juu ya hapo. Anayejaribu kumzidi mchekeshaji kwa maneno huharibu, na kipande chote hukatwa. Usiyetaka kuguswa, kaa safu ya nne au ya tano, katikati. Unaona vizuri na kicheko chako bado kinaingia.

Kabla ya kuanza, MC atawachangamsha na kuwarekodi mkipiga makofi na kucheka bila kichekesho. Wengine hukaa kimya hapo wakidhani ni mzaha, kumbe picha hizo ndizo zitakazozibia mahali kamera ilipokosea. Vilevile mchekeshaji akirudia kisa kwa sababu maiki ilikata au umeme umekwenda na jenereta ikachelewa kuwaka, mpe kicheko tena. Ni kazi ngumu kwake kusema upya jambo ambalo ukumbi umeshalijua, na anautegemea ukumbi huo.

Chooni nenda kabla ya kuingia, au wanapobadilisha jukwaa. Mwisho, usitoke wakati wa kuagana. Mara nyingi msimamizi huomba dakika chache za kurudia utangulizi au salamu, na viti vikiwa vimebaki wazi picha haziungani na za mwanzo. Akisema mko huru, uliza tarehe ya kurushwa, kisha itisha bajaji au teksi ya mtandaoni ukiwa bado ndani ya geti. Ukumbi mzima ukiita kwa pamoja, nauli hupanda. Ukichelewa ikawa imeshapanda, sogea kwa miguu mpaka barabara kubwa na usubiri kidogo penye mwanga, huenda ikashuka.