Nilivyopata Kazi ya Ununuzi Bila Kuihama Malindi

Kwa miaka kadhaa nilikuwa mtunza stoo katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi, na kila mwaka masika yalipoingia, Mto Sabaki ukamwaga tope baharini na wageni wakakatika, nilipewa likizo isiyo na malipo hadi Julai. Wenzangu wengi huuvuka msimu huo kwa bodaboda, kwa biashara ndogondogo au kwa kurudi shambani. Mimi nilitaka kazi ya mwaka mzima katika fani ileile, tena bila kuhamia Nairobi. Njia niliyoijua ilikuwa ile tunayoijua sote: kuacha barua langoni kwa askari wa hoteli na kumwomba mjomba au jirani akusemee. Njia hiyo ina uzito wake, kwani hoteli ndogo za hapa bado huajiri kwa kuulizana, lakini kampuni zenye hoteli na kambi sehemu mbalimbali hupokea maombi mtandaoni, na barua ya langoni haimfikii mwenye kuamua.

Nilianza na wasifukazi wangu, yaani CV. Kampuni kubwa hutumia programu za kupokea na kupanga maombi, kama vile Workday na Greenhouse, ambazo huusoma wasifukazi na kujaribu kuchambua jina, waajiri, tarehe na elimu ya mwombaji. Watu husema kwamba kompyuta ndiyo inayowakataa. Kwa nilivyokuja kuelewa, mara nyingi anayekuacha ni ofisa aliyetafuta neno fulani ndani ya programu na kwako hakulipata, au ni jibu ulilolitoa mwenyewe kwa swali la mchujo, kwa mfano kama una leseni ya udereva. Wasifukazi wangu ulichapwa katika saiba moja mjini, ukiwa na safu mbili, picha ya pasipoti na mistari ya buluu ya kupendeza. Nilinakili maandishi yake yote nikayabandika kwenye Notepad, ambayo haijui safu wala mapambo, ili nione yatakavyosomeka yakivuliwa urembo. Tarehe zangu za kazi zilikuwa zimeangukia kwenye orodha ya mambo niyapendayo, ikawa kuanzia 2016 hadi 2019 nilikuwa nikicheza kandanda, na namba ya simu, ambayo ilikuwa imewekwa kwenye kichwa cha ukurasa, haikuonekana kabisa.

Niliuandika upya kwa safu moja, bila majedwali wala picha, kisha nikayageukia maneno. Nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza kama ilivyo kawaida ya nyaraka hizi hapa Kenya, kwamba kazi yangu ni kutunza stoo na majukumu mengine niliyopewa. Nilisoma matangazo ya kazi za ununuzi katika BrighterMonday na Fuzu nikiwa na kalamu mkononi, nikaona kwamba mambo niliyokuwa nikiyafanya kila asubuhi yana majina yake rasmi: kulinganisha LPO (hati ya kuagizia bidhaa), hati ya kupokelea bidhaa na ankara kabla ya malipo, kuweka kiwango cha chini cha akiba, kuhakikisha kwamba shehena iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Niliyatumia majina hayohayo, bila kuongeza hata moja ambalo nisingeweza kulitetea nikiulizwa. Maneno kama mwadilifu na mchapakazi niliyafuta, nikaandika ukubwa wa hoteli, aina za bidhaa nilizosimamia na mfumo wa hesabu tuliokuwa tukiutumia. Kijana mmoja wa saiba alinishauri niyafiche maneno ya ziada kwa rangi nyeupe ili programu iyaone na mtu asiyaone. Nilikataa, maana programu ikishayatoa maandishi humwonyesha ofisa yote kwa rangi moja, na hapo ungejieleza vipi?

LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, nilikuwa nayo kwa jina tu. Mtandao huo ulianza kutumika Mei 2003, Microsoft ikaununua mwaka 2016, na sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa waajiri wanaolipia zana za kutafuta watu. Nilipolielewa hilo niliacha kuutazama kama ubao wa matangazo. Anayelipa ni mtafutaji, na mimi nilikuwa kama katoni isiyo na lebo ndani ya stoo, inayoharibika rafuni huku jikoni wanaiulizia. Kwa hiyo penye mstari wa utambulisho niliondoa maneno ya kujisifu, nikaandika cheo, fani na sekta, na mahali pa makazi nikaandika Malindi, Kaunti ya Kilifi, kwa sababu maofisa wengi huchuja kwa eneo kabla ya jambo lolote. Ishara ya kwamba niko tayari kwa kazi mpya niliiweka ionekane na waajiri peke yao. LinkedIn hujitahidi kuificha isionwe na waajiri wa kampuni yako mwenyewe, lakini haitoi hakikisho, na Malindi ni mji mdogo. Kwa hiyo nilimweleza meneja wangu mapema, kabla hajayasikia barazani.

Mtandao huo pia hukuruhusu kuwa na wasifu katika lugha zaidi ya moja, na mtazamaji akaonyeshwa ule unaolingana na lugha anayoitumia. Sisi wa Malindi tunakijua Kiitaliano kwa kukisikia tangu utotoni kwa Waitaliano waishio hapa, na wengi wetu hatukihesabu kuwa ujuzi kwa sababu hatukukisomea darasani. Mimi nilikuwa nimejadiliana bei za jibini na unga na Waitaliano kwa miaka, kwa hiyo niliandika wasifu wa pili kwa Kiitaliano, nikamwomba mhasibu wetu wa zamani anisahihishie. Nafikiri hakuna hatua niliyoichukua iliyokuwa rahisi kuliko hiyo na yenye kunitofautisha zaidi.

Lakini kilichofungua mlango kilikuwa mtu. Nilipitia majina ya watu niliowahi kufanya kazi nao kisha tukapoteana: madereva waliotuletea mboga, wahasibu wa msimu mmoja, wapishi waliohamia Diani, Zanzibar na Doha. Mmoja wao, mpishi mkuu aliyekaa nasi msimu mmoja tu, alikuwa sasa katika kampuni yenye kambi za watalii katika mbuga ya Tsavo Mashariki. Nilimwandikia: "Assalaam aleikum, Shefu. Ni mimi wa stoo, tuliyekuwa tukibishana kila asubuhi juu ya samaki wa barafu. Nimeona mko Tsavo sasa. Naomba kukuuliza, bidhaa zenu mnanunulia Mombasa au Malindi, na ni nani anayesimamia?" Sikuomba kazi. Swali kama hilo mtu hulijibu akiwa amesimama jikoni, ilhali ombi la kazi humlazimu atafute maneno ya kukukwepa kwa adabu. Alijibu usiku uleule: "Waleikum salaam, kaka. Tunahangaika na Mombasa, ni mbali. Tangazo linatoka karibuni, wewe omba mtandaoni kama wengine, halafu unijulishe."

Baadaye nilisoma kwamba mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alilieleza jambo hili tangu 1973: jamaa wa karibu wanajua habari zilezile unazozijua wewe, na habari mpya huletwa na watu mnaojuana kijuujuu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliotumia data ya watumiaji zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi watu kuhama kazi ni wale wa kati na kati, si wa karibu sana wala si wageni kabisa. Shefu wangu alikuwa hapo hasa.

Katika muda huo nilipokea pia ujumbe wa wakala mmoja aliyeniahidi kazi Ghuba, wenye nembo ya hoteli kubwa na anwani ya Gmail, akitaka ada ya usajili kwa M-Pesa pamoja na nakala ya kitambulisho. Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huchapisha orodha ya mawakala waliosajiliwa. Nilimtafuta humo, sikumwona, nikaishia hapo. Kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) na cheti cha mwenendo mwema nilivitoa kwa mwajiri mmoja tu, baada ya kupata barua ya ajira.

Niliomba kwa fomu ya mtandaoni kama nilivyoelekezwa, kisha nikamjulisha Shefu. Mahojiano yalifanywa kwa video, na swali lililochukua muda mrefu zaidi lilikuwa hili: lori la kambini linaondoka alfajiri kupitia lango la Sala na muuza nyama hajafika, utafanyaje? Nilieleza ni kina nani wengine wenye vyumba vya baridi hapa mjini, nani kati yao hufungua kabla ya jua, na kwamba lori halingojei nyama ikiwa limebeba maziwa. Hakuna programu iliyonitayarisha kwa swali hilo. Kazi ya programu ilikuwa kunifikisha mbele ya aliyeliuliza.

Kazi niliipata. Sasa ni mwaka wangu wa pili, na juzi nilitakiwa kusaidia kuajiri msaidizi. Fomu ilikuwa na swali la mchujo lililowaondoa wote wasio na shahada. Nilimwonyesha ofisa wa rasilimali watu kwamba kwa sharti hilo hata mimi nisingepita, na kwamba kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Hoja ya sheria aliisikiliza kwa heshima; ya kwanza ndiyo iliyomgusa. Swali limeondolewa, na mahali pake tumeuliza mwombaji aeleze namna anavyokagua samaki wanaposhushwa, kabla hajatia sahihi.