Wimbo Uliofika Bila Jina

Jumapili, usiku

Leo nimepokea ujumbe ulionikalisha kimya kwa muda mrefu, hata muziki sikuwasha. Mtu nisiyemjua ameniandikia mistari mitatu. Ametaja wimbo wa kielektroniki ambao nimekuwa nikiwatumia watu kwa karibu miaka sita, ule unaoanza kwa mvumo wa chini kama mtambo ulioachwa ukinguruma chumba cha pili, akasema wimbo ule ni wake na jina la msanii nililoliweka si lake. Hakunitukana, hakudai kitu. Ameomba jina lirekebishwe, basi.

Nimelifungua faili lile upya na kulisikiliza kwa sikio jingine. Nilipewa na rafiki, naye alipewa na rafiki yake, na huko nyuma yupo mtu aliyeukata wimbo kutoka kwenye miksi ndefu, ambamo DJ huunganisha nyimbo moja baada ya nyingine bila kukatisha, akaupachika jina la DJ aliyekuwa akiupiga. Ushahidi umo humo humo ndani: katika sekunde nane za mwisho, mdundo mwingine unaanza kupenya chini ya ule wa kwanza, unapanda taratibu, halafu kimya. Ni wimbo unaofuata ukiingizwa. Miaka yote hii niliamini huo ndio umaliziaji wake, na nilikuwa nikiwaambia watu wausubiri kwa hamu. Nilisifia mkasi wa mtu mwingine nikidhani ni mkono wa fundi.

Kinachoniuma zaidi ya aibu ni kwamba muziki huu unaishi kwa kupokezana. Hauna redio ya kuupigia debe wala mabango barabarani. Mtu anatoa nakala 300 za santuri, au anauweka mtandaoni usiku akitoka kwenye kazi yake ya mchana, na asipopatikana wa kumwambia mwenzake "hebu sikiliza hiki", ndiyo mwisho wake. Anayependekeza ndiye barabara yenyewe. Mzigo ukidondoka njiani, mwenye mzigo hana pa kwenda kuuliza.

Jambo moja limenisumbua jioni nzima. Katika muziki huu, jina kutoonekana si kosa kila mara. Wengi wamejificha kwa makusudi, na naheshimu sana uamuzi huo. Moritz von Oswald na Mark Ernestus walipoanzisha kundi na lebo ya Basic Channel mjini Berlin mwaka 1993, santuri zao hazikuwa na sura ya mtu yeyote, na maandishi ya kwenye karatasi ya katikati ya santuri yalivurugwa hadi hayasomeki. Kundi la Underground Resistance wa Detroit walijifunika nyuso. Msanii anayejiita Burial alitoa albamu mbili, 2006 na 2007, watu wakibahatisha tu ni nani, hadi Agosti 2008 alipojitaja mwenyewe kwa sababu magazeti yalikuwa yakimwinda.

Na Drexciya, ambao siwezi kuwaandika mapigo ya moyo yakabaki yalivyo. Watu wawili wa Detroit walijenga kwa mashine ulimwengu mzima chini ya bahari, wa watoto waliozaliwa na wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotupwa majini kutoka kwenye meli za watumwa, watoto waliovuta pumzi ndani ya maji kwa kuwa tumboni walikuwa wamezoea maji. Hadithi hiyo imeandikwa kwenye mkusanyiko wao wa mwaka 1997. James Stinson na Gerald Donald hawakutaka kujitokeza kwa majina yao. Stinson alifariki mwaka 2002, na wapo wasikilizaji waliolijua jina lake siku ile ile waliyojua kwamba hayupo tena.

Lakini hao walichagua. Waliliweka jina jingine mbele, wakalisimamia, na jina hilo likasafiri na kazi yao popote ilipokwenda. Huyu aliyeniandikia leo hakuchagua. Alikuwa na jina, sisi tukaliangusha.

Kisa kinachonirudia ni kile cha Chicago. Kampuni ya Roland ilianza kutengeneza mashine ya TB-303 mwaka 1981 ili mpiga gitaa anayefanya mazoezi peke yake apate wa kumpigia besi. Haikulia kama gitaa la besi, watu hawakuinunua, na kufikia 1984 uzalishaji ukawa umekwisha. Zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa. DJ Pierre na wenzake wawili wa kundi la Phuture waliipata moja, wakawa wanazungusha vitufe vyake huku inaendelea kupiga, ikatoa ule mlio unaojikunja, unaokwaruza na kuteleza kwa wakati mmoja. Wakarekodi kaseti, wakampelekea Ron Hardy wa klabu ya Music Box. Kama Pierre mwenyewe alivyosimulia mara nyingi, Hardy aliupiga mara nne usiku mmoja. Mara ya kwanza watu waliondoka katikati ya ukumbi. Mara ya nne walikuwa wamepagawa.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya ujasiri wa DJ, na ni haki yake. Mimi leo nimekiangalia kutoka upande wa waliokuwa na vinasa sauti. Watu walirekodi ukumbini, wakapeana kaseti, na kwa kuwa hawakujua wimbo ulikotoka, wakauita "acid track" ya Ron Hardy. Ulipotoka kwenye santuri mwaka 1987 uliitwa "Acid Tracks", na mtindo mzima, acid house, ukabeba neno lililozaliwa midomoni mwa wasikilizaji. Phuture walikuwa na bahati moja kubwa: waliishi mji mmoja na kaseti hizo, wakasikia unavyotajwa, wakatambua ni wao unaozungumzwa. Je, wangekuwa mbali? Kaseti ingeendelea kutembea na jina la aliyeupiga, kama lilivyotembea faili langu.

Upo na uchoyo wa majina, ambao ni kitu kingine. DJ Kool Herc, kule Bronx miaka ya 1970, alilowesha santuri zake akabandua lebo ili wapinzani wasijue anapiga nini. Namwelewa, sahani zile ndizo zilikuwa jembe lake. Ila nimekutana na watu wasiopiga muziki popote wanaoficha jina la wimbo ili wabaki wao tu wanaoujua. Ukiuliza, unaambiwa utafute mwenyewe. Hapo sikubaliani kabisa. Msanii mwenye wasikilizaji 40 hahitaji mtu wa kumfungia mlango kwa nje.

Mimi niliingizwa na mtu mkarimu. Miaka mingi iliyopita alinitumia wimbo mmoja, mmoja tu, na maelekezo: usiusikilize kwa spika ya simu, subiri usiku, zima taa, vaa hedifoni, hadi dakika ya 4 utaona hakuna kinachotokea, vumilia. Nikavumilia. Besi haikuingia kwa kishindo. Iliingia kama maji yanavyopenya chini ya mlango, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mdundo niliodhani umesimama ulikuwa ukitembea muda wote. Mlio wa matoazi ulikuwa ukifunguka kidogo kidogo kwa kila mzunguko, polepole mno kiasi kwamba sikio halikupata wakati wa kushtuka. Nikaurudia mara tatu usiku ule. Jina la aliyeutengeneza nililishika kwa sababu yule mtu aliliandika juu kabisa, kabla hata ya salamu.

Maelekezo yale hayakuwa maringo. Spika ya simu haiwezi kutoa sawasawa sauti za chini ya hezi mia kadhaa (hezi ni mitetemo kwa sekunde), na sehemu kubwa ya besi ya muziki huu inakaa kwenye hezi 40 hadi 60. Anayeusikiliza hivyo anapata kivuli cha wimbo, kisha anakwambia unachosha, na kwa alichokisikia yuko sahihi. Faili nalo likibanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde hupoteza sauti za juu kabisa, matoazi yakalia kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

Tangu hapo napendekeza kwa namna ile ile. Wimbo mmoja, kwa mtu mmoja ninayejua anapenda nini, na dakika ya kuisubiri. Orodha ya nyimbo 50 ni kumtwisha mtu kazi, ataihifadhi, hataifungua. Wala siitegemei mifumo ya huduma kubwa za muziki mtandaoni, ambayo hupendekeza kwa kuangalia waliosikiliza hiki walisikiliza nini kingine. Wimbo wenye wasikilizaji 40 haujaacha nyayo za kutosha kufuatwa. Hapo ni binadamu tu.

Na kutafuta jina najua kunavyofanywa, ndiyo maana leo sina pa kujifichia. Nina santuri ya lebo nyeupe isiyo na hata herufi moja. Nilipotaka kuijua niliishika kwa kingo, nikaiinamisha chini ya taa hadi mwanga ukapita kwenye ule ukanda laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Hapo yakajitokeza maandishi yaliyokwaruzwa kwa mkono kwenye bamba mama ambalo santuri hunakiliwa kwalo: herufi tatu, namba, herufi A, na pembeni alama ndogo ya fundi aliyeikata. Nikaipeleka namba hiyo Discogs, hazina ya mtandaoni ya kumbukumbu za santuri ambayo Kevin Lewandowski aliianzisha mwaka 2000 ikiwa ya muziki wa kielektroniki peke yake. Mtu fulani alikuwa ameshakaa chini ya taa yake, akaisoma namba ile ile, akaiandika. Simjui, na nampenda.

Kwa santuri nilifanya hivyo. Kwa faili sikufanya, kwa sababu lilikuja tayari na jina, na jina likishakuwepo halimsukumi mtu kuuliza.

Nimemjibu. Sikujitetea. Nimemwomba radhi, kisha nikamuuliza angependa aandikwe kwa jina gani, maana huenda naye ana jina alilojichagulia na jingine asilotaka litajwe. Amenijibu baada ya dakika kumi hivi: jina lake la kazi, na jina la wimbo. Hilo la pili limenigusa kuliko la kwanza. Wimbo niliokuwa nikiuita "ule wa mvumo" ulikuwa na jina tangu siku ya kwanza, maneno mawili ya kawaida kabisa, na mara tu nilipoyasoma nikaona kwamba kumbe ule mvumo ni wa kitu halisi.

Nimepitia jumbe zangu za nyuma kuwatafuta wote niliowatumia. Nimewapata 31, na nimemwandikia kila mmoja peke yake: jina sahihi, wimbo sahihi, na kwamba mwisho mnaoujua si mwisho wake. Wanne wamejibu usiku huu huu. Mmoja anasema naye alishampa ndugu yake, atamwambia kesho asubuhi.

Halafu nimeununua kwa mwenyewe, pale Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni ambako huduma hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na sehemu kubwa ya kinachobaki humfikia msanii. Toleo lake ni refu kuliko langu. Nimezima taa, nimevaa hedifoni.

Pale ambapo kwa miaka sita mdundo wa wimbo mwingine huanza kupenya, hakuna kilichopenya. Ngoma zimetoka moja moja, matoazi kwanza, kisha mdundo wa chini, ukabaki ule mvumo wa mwanzo peke yake. Chini yake kabisa, ukitulia, kuna mtu anavuta kiti na kutembea chumbani. Unaendelea hivyo kwa dakika 1 na sekunde 50. Kisha nyayo zinasogea karibu, kitu kinabonyezwa, na mvumo unazimika.