Mwambie asiwashe gari mpaka ufike

Mdogo wangu kahamishiwa kazi shule ya upande wa Mbalizi na daladala za alfajiri zimemchosha. Ana shilingi milioni 9 alizozikusanya kwa miaka minne, na roho yake ipo kwenye Toyota Premio ile ya zamani, ya kati ya 2001 na 2007. Dalali akampigia: gari lipo Soweto, hapa hapa Mbeya, mwenyewe anasafiri, njooni leo leo jioni. Nikamwambia mdogo wangu amjibu kwamba tunakuja kesho saa 12:30 asubuhi, na tunaomba lisiwashwe mpaka tufike.

Sababu ninayo. Mwaka 2019 nilinunua Toyota Spacio jioni, mvua imetoka kunyesha, gari limeoshwa linang'aa na injini inanguruma tayari. Mwezi wa pili baada ya kulinunua nikaanza kuongeza oili. Kwanza nusu lita, baadaye lita nzima kila wiki. Ilikuwa injini ya Toyota iitwayo 1ZZ, ile ya lita 1.8. Matoleo yake ya mwanzo yana vitundu vidogo mno vya kurudishia oili kwenye pistoni. Vikiziba kwa masizi, ringi zinakwama, na oili inapanda juu kuungua. Ningelikuta gari lile limepoa, nikasimama nyuma ya ekzosi wakati linawashwa, ningeuona moshi wa bluu. Nililikuta la moto, sikuona kitu. Injini nyingine niliilipia kwa hela ya kupaulia nyumba, na kuta zikanyeshewa masika mazima.

Basi tukafika Soweto asubuhi. Ni Juni, na baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua. Magari yote pale uani yalikuwa na umande kwenye vioo. Premio yetu peke yake ilikuwa kavu. Nikaweka kiganja juu ya boneti: vuguvugu. Dalali akasema walilisogeza kidogo tu.

Sikuondoka hapo hapo, nilitaka mdogo wangu ajifunze. Nikafungua mlango wa dereva na kumwonyesha kijikaratasi kwenye fremu. Gereji za Japani zikibadilisha oili hubandika stika yenye tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu ni zile zile tunazozisoma sote. Hii iliandikwa mwaka 26, yaani mwaka wa 26 wa Heisei kwa kalenda ya Kijapani, ambao ni 2014, na kilomita 131,500. Nikamwambia sasa soma dashibodi. Akasoma 98,240. Akarudia mara mbili, sauti ikishuka.

"Dada, hiyo stika ni ya gari lingine," dalali akasema. Tukamshukuru, tukaondoka. Mita ikishachezewa, sitaki tena kusikia bei imeshuka kiasi gani.

Gari la pili lilikuwa Uyole, la mzee mmoja mstaafu. Safari hii nilikwenda na fundi wangu, nikamlipa 30,000 aache kazi zake asubuhi hiyo. Tukamwamkia mzee shikamoo, akatupa ufunguo na kutuambia tuangalie tunavyotaka. Vioo vilikuwa na umande, boneti ya baridi.

Kabla ya kuwasha, fundi alifungua rejeta. Kulanti, maji ya kupozea injini, ilikuwa nyekundu, safi, si yale maji ya kutu ya bombani. Akafungua kifuniko cha oili na kupitisha kidole ndani. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, huenda gasketi ya silinda hedi imekwisha. Kidole kilitoka na oili nyeusi ya kawaida. Halafu akazungusha swichi bila kuwasha injini, tuone kama taa ya injini inatokea kwenye dashibodi. Lazima itokee hapo, kisha izimike injini ikishawaka. Isipotokea kabisa, huenda kuna mtu kaitoa ili usijue gari linaumwa.

Akawasha. Moshi mweupe ukatoka, mdogo wangu akanishika mkono. Nikamwambia subiri. Kwa baridi yetu hii karibu kila gari linatoa mvuke asubuhi, hata lililo zima. La kuogopa ni moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto, wenye harufu tamutamu, huku maji ya rejeta yakipungua. Baada ya dakika kama saba ekzosi ilikuwa safi.

Tukateremka nalo hadi Mbalizi, tukageuza na kupandisha Iwambi tukiwa watu wanne ndani. Barabara ya tambarare haikwambii kitu kuhusu gia boksi ya otomatiki. Kwenye mlima ndipo utasikia gia ikisita, au injini ikipiga kelele na gari halisogei. Hili lilipanda vizuri, sindano ya joto ikabaki katikati. Mpira wa ekseli ya mbele kulia ulikuwa umepasuka, grisi imeruka hadi kwenye rimu, na shokapu moja inavuja. Matairi yalikuwa na kashata nzuri, yaani yale meno ya juu, lakini tarakimu nne za ubavuni zilisema 1416: wiki ya 14 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo silipandi kwenda nalo mlima Kitonga hata likiwa na kashata ya jana. Mzee akapunguza 600,000 bila maneno mengi.

Kilichotuchelewesha ni kadi ya gari. Namba ya chesisi tuliilinganisha tarakimu kwa tarakimu na iliyogongwa kwenye bodi, ikakubali. Jina ndilo lilikuwa si la mzee. Alinunua kwa mtu wa Tunduma na hakuwahi kubadilisha. Mdogo wangu alitaka kulipa siku ile ile, aliogopa litachukuliwa. Nilikataa katakata, maana kwa TRA, mamlaka ya mapato, mwenye gari ni yule aliyeandikwa kwenye kadi, na huyo ndiye anayepaswa kusaini. Tukaangalia pia namba ya gari kwenye mfumo wa faini za trafiki. Kulikuwa na mbili, mzee akazilipa.

Mtu wa Tunduma alikuja baada ya siku tisa. Tukaketi wote wanne kwa wakili, vitambulisho mezani, na hela ikatoka siku hiyo.

Jana asubuhi nilipita kwa mdogo wangu nikamkuta barazani na kanga begani, boneti iko wazi, anafuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kwa kitambaa ili aichovye tena. Gari lilikuwa bado lina umande.