Nilivyoitafutia rili ya 2500 rodi nyepesi ya kuifaa

Rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia samaki, ndiyo iliyotangulia. Kaka yangu ni baharia, na aliporudi likizo aliniletea rili ya ukubwa wa namba 2500, ile aina inayoning'inia chini ya mpini, mpya kabisa lakini bila rodi, yaani fimbo yake ya kuvulia. Mimi nimekua na mshipi wa mkono, kwa hiyo kuchagua rodi kulikuwa jambo geni kwangu, na nikaamua nilifanye taratibu. Rili nzuri ikifungwa kwenye rodi isiyolingana nayo haikupi hata nusu ya uwezo wake.

Kabla ya kukanyaga duka lolote nilijiuliza navua wapi na navua nini. Mimi navua hori ya Tudor, Mombasa, kandokando ya mikoko, na pengine kwenye miamba maji yanapoanza kujaa. Samaki wa huko ni changu, chaa, tafi, vikolekole na mzia wadogo, na wengi hawafiki kilo. (Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, na ndani ya eneo la hifadhi lenyewe hakuvuliwi. Anayeanza kuvua Mombasa aulize mipaka yake kabla ya kurusha.) Chambo changu ni kipande cha kamba au ngisi na chubwi ndogo ya kuzamishia mshipi, au siku nyingine samaki bandia wa plastiki. Niliweka vyote hivyo kwenye mizani ya jikoni, na kila nilichopima kilikuwa kati ya gramu 5 na 15. Namba hizo mbili nikaziandika kwenye simu. Ndizo zilizoniongoza kuliko ushauri wowote niliopewa baadaye.

Halafu nikaisoma rili yenyewe. Kwenye spuli yake, pale mshipi unapozungushiwa, pameandikwa 0.25–160, yaani inaingia mita 160 za mshipi wa unene wa milimita 0.25. Mshipi wa nailoni wa unene huo kwa kawaida hukatika kwenye mvuto wa kilo tatu hadi nne hivi, kama pauni 8. Kwa hiyo rili ilikuwa imeshajieleza: inataka rodi iliyoandikwa pauni 4 hadi 10. Nikajaza mshipi, nikaitia rili kwenye mfuko na kwenda nayo dukani. Hilo nalisisitiza sana. Usinunue rodi rili yako ikiwa nyumbani.

Maduka ya vifaa vya uvuvi mjini yapo, lakini rodi nyingi nilizozikuta ni nzito, za watu wanaorusha chubwi kubwa. Mzee mwenye duka alinipokea vizuri, tukasalimiana, akanitolea moja nene. "Chukua hii, mwanangu. Hata umpate papa, haivunjiki."

"Mzee wangu, mimi navua changu na chaa," nikamwambia. "Nataka inayopinda kwa gramu kumi."

Aliniangalia kidogo, akaingia stoo. Nia yake ilikuwa njema, maana watu wengi huulizia nguvu kwanza. Lakini rodi hurusha kwa sababu inapinda na kujikunjua. Kitu cha gramu 10 hakiwezi kuipinda rodi iliyotengenezewa gramu 80, kwa hiyo kazi yote inabaki kwenye bega lako na chambo kinaanguka karibu. Kwa vitu vyepesi, rodi nyepesi ndiyo inayofika mbali.

Alirudi na tatu. Juu kidogo ya mpini wa kila rodi kuna maandishi madogo: urefu, herufi, gramu za kurusha na pauni za mshipi. UL ndiyo nyepesi kupita kiasi, kisha L, ML, M, mpaka H ambayo ni nzito. Herufi hizo kila kiwanda huzipima kwa namna yake, L ya huyu inaweza kuwa ML ya yule, kwa hiyo mimi niliamini gramu. Moja ilikuwa ya gramu 1 hadi 7, nikairudisha, chubwi yangu ingeielemea. Zilizobaki zilikuwa za gramu 5 hadi 20 na 5 hadi 21, zote futi 7, kama mita 2.1. Urefu huo unatosha kurusha kutoka mwambani, na hausumbui chini ya matawi ya mikoko.

Hapo ndipo rili ilipotoka mfukoni. Niliifunga kwenye ya kwanza, nikaweka kidole kimoja mbele tu ya mguu wa rili, nikaiachia rodi ikae juu ya kidole. Ncha ikazama. Rili ya 2500 ina uzito wa robo kilo hivi, na rodi hiyo ilikuwa na mwili mzito upande wa mbele kuliko inavyohitajika. Ncha ikizama hivyo, kiganja kinaibeba jioni nzima. Ya pili ilitulia kama mizani ya sonara.

Bado sikulipa. Niliangalia pete ya kwanza ya kupitishia mshipi, ile iliyo karibu na rili, kwa sababu kwenye rili ya aina hii spuli haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi hutoka kwa kujiviringa, duara baada ya duara, kama uzi unavyotoka kwenye bobini ya kiwanda cha nguo. Ndivyo hasa ilivyoanza: Alfred Illingworth, aliyesajili rili ya namna hiyo Uingereza mwaka 1905, alikuwa mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford. Maduara hayo yakikutana na pete ndogo iliyo karibu mno yanajisonga na urushaji unafupika. Kwa hiyo pete ya kwanza inatakiwa iwe pana na isimame juu ya mwili wa rodi, halafu zinazofuata zipungue polepole mpaka nchani. Hii ilikuwa na pete ya milimita 25. Niliomba kipande cha pamba nikakipitisha ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pana ufa, na ufa hata wa kutoonekana kwa jicho hukata mshipi.

Mwisho nilipitisha mshipi kwenye pete zote, kijana wa duka akaushika mwisho wake mlangoni, nami nikavuta. Ncha ilipinda kwanza, kisha mkunjo ukashuka mpaka karibu nusu ya rodi na kukoma hapo, na upande wa mpini ukabaki imara. Ndivyo nilivyotaka. Chaa ana mdomo laini unaochomoza, na rodi ngumu isiyopinda humchana ndoana ikatoka.

Mzee aliniuliza kwa nini sichukui ile ya kuchomoka, ya vipande vinavyoingiana, ambayo inaingia hata mkobani. Ni kweli inabebeka. Lakini mchanga na chumvi huingia kwenye maungio yake mengi na baada ya muda yanakwama. Niliyochagua ni ya vipande viwili, na inaingia kwenye tuktuk bila kumgusa abiria mwingine.

Nyumbani nilipanga breki ya rili, ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu. Kanuni inayofaa ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi, yaani kwangu kilo moja. Nilifunga mshipi kwenye chupa ya maji ya lita moja iliyojaa, nikaishika rodi kwa mshazari na kuinyanyua chupa polepole. Nililegeza na kukaza mpaka chupa ikawa inanyanyuka, na nikiongeza nguvu kidogo spuli inaachia. Rodi isisimamishwe wima katika jaribio hili, wala samaki akiwa miguuni pako, kwa sababu uzito wote huhamia nchani na ncha ndiyo huvunjika.

Sasa navua nayo Tudor na nadonolewa nikiwa najua nani anadonoa: tafi ananyofoanyofoa, changu anabeba na kwenda. Nikirudi naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka polepole, kwa kuwa maji ya kasi huisukuma chumvi ndani ya rili. Mvua ya masika ikianza kunguruma naikunja mara moja, kwani rodi hii ni ya kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Na upande wa Likoni siendi nayo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mkondo ule hauachi chubwi ya gramu 15 ifike chini, na huko bado natumia mshipi wangu wa mkono.